Si Ungesoma Tu Ukawa Daktari?

SEHEMU YA 1

Akina baba mnaosoma kimyakimya bila kusema kitu, nawaona. Leo siongelei kitovu wala homa za usiku. Leo naongelea kazi yangu, kwa sababu mmeniuliza, na kwa sababu jambo lenyewe linawagusa nyie kuliko mnavyodhani. Ni ndefu, nimeigawa vipande vitano. Kama unanyonyesha sasa hivi, ndo muda mzuri wa kusoma.

Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia ujumbe. Binti yake kamaliza kidato cha nne, ana C ya Biolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia, anang'ang'ania unesi. Mama anauliza: "Dada nesi, huko mbele kuna nini? Au ndo mwanangu atazeeka anachoma sindano tu?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanitazama. Afu nikaacha kucheka, maana jibu la haraka sikuwa nalo.

Wiki hiyohiyo bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake alinishika mkono, akaniambia kwa upendo kabisa: "Mwanangu, una akili hivi, si ungesoma tu ukawa daktari?" Nikamwambia asante bibi. Sikuwa na la kuongeza, ilikuwa sifa ile. Lakini nimeibeba mpaka nyumbani.

Watu wengi wanaamini unesi ni ngazi ya chini ya udaktari. Kwamba daktari ni nesi aliyesoma zaidi, na nesi ni daktari aliyeishia njiani. Siyo hivyo. Ni ngazi mbili tofauti kwenye nyumba moja. Daktari anamwona mtoto wako akizunguka asubuhi, anaamua dawa, anaenda kwa mwingine, maana ana wengi. Mimi nakaa naye saa nane, usiku saa kumi na mbili. Kinachotokea katikati ya raundi moja na nyingine ndo kazi yangu, na huko katikati ndiko watoto wanakopona au wanakoponyoka.

Na hii ngazi yetu ina vidato vyake. Kuna wenye cheti. Kuna sisi wa stashahada, miaka mitatu chuoni, tunaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi. Kuna wa shahada, miaka minne, Afisa Muuguzi. Juu yao kuna wenye shahada ya uzamili, ambako mtu anabobea kwenye jambo moja. Wote tunapitia Baraza la Uuguzi na Ukunga, tunapewa leseni, na leseni inahuishwa kwa kuonyesha kwamba unaendelea kujifunza. Mimi nina stashahada, nina miaka 11 kazini, 8 kati ya hiyo nimekaa wodi ya watoto wachanga.

Sasa niwasimulie usiku mmoja, afu tutaelewana.

SEHEMU YA 2

Miaka 8 iliyopita nilikuwa nimetoka wodi ya upasuaji wanaume. Rosta ilitoka Ijumaa, Jumatatu naripoti kwa watoto wachanga. Hakuna aliyeniuliza kama nawajua. Nilijua kupima presha ya mzee wa tezi dume, nilijua kufunga kidonda. Mtoto njiti nilikuwa nimemshika mara mbili maishani, nikiwa mwanafunzi.

Wiki ya tatu nikawekwa usiku. Tulikuwa wawili, watoto 22. Mwenzangu akaitwa leba kupokea pacha, nikabaki peke yangu.

Pembeni kulikuwa na mtoto wa kilo moja na gramu mia tatu, yuko kwenye CPAP. Kwa wasiojua: ile ni mashine inayosukuma hewa taratibu puani ili mapafu ya njiti yasisinyae. Mrija mmoja unaishia ndani ya chupa ya maji, na yale maji yanatakiwa yatoe mapovu muda wote, bulubulubulu, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Usiku kucha unasikia huo mlio. Unachosha, jamani.

Kama saa tisa usiku mlio ukapungua, ukaacha. Na mimi, naandika hapa mbele yenu bila kujificha, nilifurahi. Nilijisemea afadhali, kimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nambadilisha mtoto mwingine dripu, nikaendelea.

Aliyeniokoa ni mama wa huyo mtoto. Alikuja na kikombe chake cha maziwa aliyokamua, kaburuta kandambili, kajifunga kanga mbili, kidonda cha operesheni bado kibichi. Akasimama pale. Akaniambia, "Nesi, mbona leo hayachemki?"

Mapovu kuacha maana yake hewa inavuja mahali, au kimirija kimechomoka puani, kwa hiyo mtoto hapati msukumo. Nilikimbia. Kimirija kilikuwa kimeteleza, kimelala shavuni. Mtoto kashaanza kubadilika midomo. Nikarudisha, nikamsisimua mgongoni, akavuta. Mapovu yakaanza tena. Mama yule akakaa chini sakafuni, hakusema kitu. Mimi pia.

Mtoto alipona, aliruhusiwa baada ya wiki tano. Sasa hivi yuko shule, mama yake huwa ananitumia picha. Lakini ukweli ni kwamba usiku ule aliyekuwa na ujuzi wa mashine ile alikuwa mama mwenye siku nne za uzazi, kwa sababu alikuwa ameikodolea macho siku nne. Mimi mwenye leseni nilikuwa na wiki tatu za kupita pale.

Asubuhi nikamweleza dada mkubwa wa wodi. Sitamtaja jina, hapendi mambo ya mtandaoni. Alikuwa na miaka kama 8 kwenye wodi ile. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kitanda kwa kitanda, akaniambia: funga macho, sikiliza. Huyu anachemka, huyu anachemka kidogo, huyu hachemki. Sasa fungua macho, angalia kifua. Dada yule alikuwa anaweza kusimama mlangoni akasema "yule wa dirishani ataugua leo", na jioni kweli mtoto ana homa au amekuwa wa baridi. Ukimuuliza umejuaje, anasema rangi yake siipendi, na jana alikuwa anakunja ngumi, leo kaziachia. Sijui mnanielewa. Ule ni ubobezi. Hauna cheti, lakini upo.

Nilijifunza kwake miaka mitano. Halafu rosta ikatoka Ijumaa moja, akahamishiwa kliniki ya macho.

SEHEMU YA 3

Hapa ndo penye maoni yangu, na najua wenzangu wengine kazini hawatayapenda.

Nesi aliyekwisha kubobea kwenye wodi asihamishwe kama kiti. Na nesi anayetaka kubobea awekewe njia ya kubobea huku akiwa bado na mgonjwa mkononi.

Nianze na namba, maana nikisema kwa hisia tu mtasema nesi kachoka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta akina mama 556 wanakufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta 104. Hayo ni mafanikio makubwa, na nesi wa wilayani aliyekuwa anapiga simu 115 usiku kuita gari la m-mama ana sehemu yake. Lakini soma mstari wa watoto wachanga, wale wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28. 2015/16 walikuwa 25 kwa kila 1,000. 2022 ni 24. Kutoka 25 hadi 24, kwa miaka yote hiyo.

Kwa nini mama kapona na mtoto hajasogea? Sababu ni nyingi na sitajifanya mtafiti. Ila nachokiona wodini ni hiki: mambo mengi yanayomwokoa mama ni ya haraka na yana mwisho. Damu inatoka, tunaizuia, tunampeleka chumba cha upasuaji, kesho amekaa anakunywa uji. Njiti haokolewi kwa tendo moja. Anaokolewa kwa wiki sita za vitu vidogo: mililita mbili za maziwa kwenye mrija kila baada ya saa mbili, joto lisishuke, oksijeni isizidi ikamharibu macho, isipungue ikamuua, mkono unawe, tena unawe. Kitu cha wiki sita kinataka watu walewale. Ukibadilisha watu kila miezi mitatu, kila miezi mitatu unaanza moja.

Mnaikumbuka kangaruu niliyoandika mwaka jana, mama kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali za nchi tano, na ya kwetu ilikuwa Muhimbili. Walichukua watoto wa kilo moja mpaka karibu kilo moja na gramu mia nane. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walifariki 12 katika 100. Wale waliosubirishwa kama ilivyozoeleka, karibu 16. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilishaonekana wazi. Hakuna mashine mpya pale. Ni kifua cha mama, na nesi aliye karibu anayejua kumwangalia mtoto mgonjwa akiwa kifuani bila kumwondoa. Huyo nesi wa pili ndo ninayemzungumzia. Kifua kipo kila kijiji.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia kwenye vikao vingi. Inchaji ana watu 9, anahitaji 20. Akimwacha mmoja abaki palepale miaka kumi, huku leba wanazimia kwa uchovu, atasemwa ana upendeleo. Halafu kuna wenzetu, tuseme tu, wanaojificha kliniki ya asubuhi miaka nenda rudi kwa sababu haina usiku, wakiguswa wanasema "mimi nimebobea hapa". Mzunguko ulianzishwa pia kuwatoa hao. Na kwa nesi mpya mzunguko ni dawa. Miaka miwili ya kwanza zunguka kila mahali, ujue leba, ujue upasuaji, ujue wodi ya wagonjwa wa akili, ndo utajua moyo wako uko wapi. Mimi bila rosta ile ya Ijumaa nisingejua kama napenda watoto wachanga. Hilo nalikubali kabisa.

Ninachokataa ni kumzungusha mtu wa mwaka wa 13 kama vile ni wa mwaka wa kwanza. Siku dada yule anaenda kliniki ya macho, kilichoondoka pale kilikuwa kifaa cha kazi. Ingekuwa mashine ya CPAP imebebwa ikapelekwa kliniki ya macho, mganga mfawidhi angeita kikao. Kwa nesi, imeandikwa mstari mmoja kwenye rosta.

SEHEMU YA 4

Sasa nimjibu mama wa binti wa kidato cha nne, na wale manesi wadogo mnaonifuata.

Njia ipo, ila ni ndefu na ina kona. Ukiwa na stashahada kama mimi, ukitaka kutambulika rasmi kama mbobezi, kawaida unarudi chuo kikuu kuchukua shahada, halafu uzamili miaka miwili. Muhimbili pale chuoni kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, wa ukunga na afya ya wanawake. Aga Khan wana masomo ya Dar es Salaam waliyoyaweka kwa ajili ya manesi wa stashahada ambao tayari wako kazini. Dodoma wapo, Moshi wapo.

Na kuna njia za pembeni ambazo watu hawazijui. Wewe uliyejifungua kwa operesheni hospitali ya wilaya, yule aliyekukalisha akakwambia "inama mama, usitikisike" akakuchoma ganzi mgongoni, mara nyingi siyo daktari. Ni nesi aliyekwenda kusomea usingizi. KCMC Moshi wamefundisha manesi wa usingizi miaka mingi. Huyo ni mbobezi, na ukimwondoa yeye, hospitali nyingi za wilaya operesheni zinasimama. Ukimsikia mtu anasema nesi hana pa kwenda, mwambie hilo.

Wenzetu wa Kenya wana kitu ninachokitamani. Nesi wa stashahada pale anaweza kwenda KMTC kuchukua stashahada ya juu ya fani moja: wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, figo na usafishaji damu. Hapitii kwanza shahada ya jumla. Anatoka wodini, anabobea, anarudi wodini. Kwetu mtu mwenye miaka 13 ya njiti anaambiwa akasome kwanza miaka minne ya mambo mengi, mengine alishayafundisha yeye mwenyewe kwa wanafunzi. Siibezi shahada, nakwenda kuisema mbele huko. Ila kungekuwa na kozi ya mwaka mmoja ya uuguzi wa watoto wachanga kwa watu wa stashahada, yenye cheo chake na nyongeza yake ya mshahara, wodi zetu zingebadilika. Hilo ndo ningemwomba yeyote mwenye kalamu.

Binti, ukiingia chuo: GPA yako inaanza kuhesabiwa siku unayoingia. Usisubiri mwaka wa mwisho. Vyuo vikuu vinataka stashahada yenye wastani wa kuanzia 3.0, na vinaangalia pia kidato cha nne. Nina rafiki yangu, nesi kuliko mimi, mikono yake ukiiona ikitafuta mshipa wa njiti unaweza kulia. Ana 2.8. Mwaka wa kwanza alipata ujauzito, akafeli masomo mawili, akarudia. Leo miaka 11 baadaye ile 2.8 bado inamfungia mlango. Nimemwambia aulizie kozi ya awali ya Chuo Kikuu Huria, na aulize kabisa kama chuo anachokitaka kinaitambua kwa uuguzi, kabla hajalipa hata shilingi. Anasema ataenda. Anasema hivyo kila mwaka.

Ukiwa kazini serikalini: thibitishwa kwanza, halafu hakikisha jina lako liko kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako kabla ya mwaka wa bajeti. Usiende chuo kwa kuaga kwa mdomo. Nakala za barua zako weka nyumbani, kwenye mfuko wa plastiki, siyo kwenye kabati la ofisi. Namjua mwenzetu alirudi na shahada yake, akakaa miaka na mshahara wa stashahada kwa sababu barua ya kubadilishiwa kada ilikuwa "inashughulikiwa". Alikuwa na nakala moja tu, nayo aliitoa.

Kuhusu wale wanaoenda kusoma utawala au rasilimali watu ili watoke wodini moja kwa moja, siwalaumu. Mgongo unauma, usiku ni usiku. Ila naomba tusiite huko ni kupanda ngazi ya unesi. Ni kuhama nyumba.

Na Ghuba na Uingereza, maana najua mtauliza, tutaongea siku nyingine. Kwa leo jueni tu kwamba hata huko swali la kwanza ni miaka mingapi ya ICU, miaka mingapi ya chumba cha upasuaji. Nesi wa kila mahali hana jibu zuri la swali hilo.

SEHEMU YA 5

Nimebakiza nyumbani kwangu.

Barua ya kuchaguliwa chuo ninayo. Shahada ya uuguzi, miaka minne, mkoa mwingine. Nina miaka 34, watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 3. Baba watoto ni fundi umeme, kipato chake leo kipo kesho hakipo. Ada ni mamilioni kadhaa kwa mwaka. Mshahara utaendelea nikipewa ruhusa rasmi, lakini posho za ziada zinakatika, na zile ndo zinalipa gari la shule.

Mwanzo nilipomwambia, baba watoto aliuliza swali moja ambalo sikulitegemea. Hakuuliza hela. Aliuliza, "Ukirudi na hiyo digrii, watakuacha na vichanga vyako?" Nikakaa kimya. Kwa sababu ninavyoona kazini, ukirudi na shahada unapewa uinchaji, halafu ukaimu metroni, halafu vikao, halafu ripoti. Unakutana na mtoto kwenye makaratasi. Yaani naenda miaka minne kusoma ili niwe bora kwa watoto, na zawadi yake ni kuondolewa kwa watoto. Baba watoto haijui hospitali, lakini hilo kaliona kabla yangu.

Nilikaa na swali hilo kama mwezi. Nikampigia dada mkubwa wa kliniki ya macho. Nilidhani ataniambia usiende, angalia mimi. Akasema: "Mimi miaka ile nilisema shahada ya nini, mikono ninayo. Rosta ilipotoka sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha kwamba mimi ni wa pale. Wewe nenda katafute karatasi." Halafu akaniuliza yule wa dirishani wa siku hizi anaendeleaje, kama vile dirisha lile huwa lina mtoto wake siku zote.

Kwa hiyo nakwenda. Karatasi peke yake hainiongezei chochote mbele ya njiti saa tisa usiku, hilo nalijua. Nakwenda kwa sababu bila karatasi sina sauti siku rosta inapoandikwa. Na nikimaliza shahada nataka uzamili, na nataka kurudi wodini na cheo kinachosema huyu ni wa watoto wachanga. Kama cheo hicho hakitakuwepo bado, nitakuwa miongoni mwa wanaokidai.

Mama mkwe tumeshazungumza naye, Jumapili mbili mfululizo. Ya kwanza ilikuwa ngumu. Alisema enzi zake mama haachi mtoto wa miaka 3. Sikumjibu, nilimwachia baba watoto, ni mama yake. Ya pili alikuja mwenyewe na begi, akauliza atalala chumba gani. Wa miaka 3 anabaki naye, wa miaka 7 anabaki shule yake, mimi nitarudi kila likizo. Wifi yangu kachukua mchezo wetu wa kila mwezi kwa jina langu ili nisipoteze zamu. Niliuza friji la biashara. Baba watoto anajifunza kusuka nywele za binti, juzi alimsuka mistari minne tu, mmoja ulipinda, mtoto akaenda nayo shule hivyohivyo kwa furaha.

Akina baba mnaosoma kimyakimya, hapa ndo nawahitaji. Mke wako nesi, au mwalimu, au chochote, akitoka usiku asubuhi, yale masaa manne ya usingizi siyo ya kufulia. Kama anasoma, ndo kabisa. Nimeona ndoto nyingi za manesi wenzangu zikiishia kwenye beseni saa tatu asubuhi.

Na nyie mama zangu, mna nguvu ambayo hamuitumii. Ukiwa wodini na mtoto wako, muulize inchaji kwa heshima: wodi hii ina manesi wangapi wa kudumu? Muulize kila mwezi, mwulizeni wengi. Kwenye kamati ya kituo na bodi ya afya kuna wawakilishi wenu wananchi, wapelekeeni swali hilohilo. Na nesi akikuhudumia vizuri, usiishie kumpa soda. Andika barua nusu ukurasa, weka jina lake, wodi yake na alichofanya, mpe mganga mfawidhi. Mama wa kile kikombe cha maziwa aliniandikia barua, miaka 8 iliyopita, pamoja na uzembe wangu wote wa usiku ule. Aliandika kwamba nilikimbia. Ipo kwenye faili langu, na niliitoa nakala nikaiambatanisha kwenye maombi ya chuo.

Jambo moja zuri nisilisahau: mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, mama aliyejifungua njiti sasa anaongezewa muda wa likizo. Kama umeajiriwa na umejifungua kabla ya muda, nenda kwa mwajiri wako na karatasi za hospitali, usikubali kuambiwa ni zile siku za zamani.

Naanza chuo baada ya wiki sita. Wiki hizi namfundisha nesi mpya aliyekuja kwenye wodi yetu, katokea upasuaji wanaume kama mimi. Jana nilimwambia afunge macho asikilize. Akasema dada, mimi nasikia kelele tu. Nikamwambia tutarudia kesho.

Nina usiku leo. Maswali wekeni hapo chini, ya binti wa kidato cha nne kwanza, nitajibu nikitoka.